Yaya, wananiita mwalimu, lakini mtoto wa watu ameungua

Yaya, dada mkubwa, jambo.

Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Katuba hapa Lubumbashi, na nywele ndizo zinazotulisha. Nilianza kusuka nikiwa na miaka 15, chini ya mwembe wa shangazi yangu. Sasa ni mwaka wa 19 na nina saloni yangu. Wateja wananijia kwa ajili ya mistari: sihitaji kutazama, kidole chenyewe kinajua pa kupita. Karatasi niliyo nayo ni moja tu, ya mafunzo ya miezi sita ya dawa za nywele, na masomo niliyaachia mwaka wa nne wa sekondari.

Mwezi wa tatu mkurugenzi wa kituo kimoja cha ufundi, komini ya Kenya hapa hapa Lubumbashi, alinifuata saloni. Mwalimu wake wa urembo na nywele alikuwa ameondoka bila kuaga, wasichana 22 wamekaa bure, wazazi wanadai minervali yao, ile karo waliyolipa. Nilimwambia sina breve, cheti cha ufundi, na sijawahi kusimama mbele ya ubao. Akanijibu: "Mama, sisi hatutaki karatasi, tunataka mikono." Nikakubali, Yaya. Kuitwa mwalimu kulinifurahisha, sitakuficha.

Wiki ya kwanza nilisuka, wakatazama. Nikawaambia haya, fanyeni kama mimi. Hakuna aliyeweza. Wengine walisuka vitu ambavyo siwezi hata kuvipa jina. Nikawa nakasirika, nanyang'anya kitana, namalizia mwenyewe, kwa sababu mkurugenzi alikuwa ameshaanza kuleta wateja wa kulipa, na mteja hawezi kutoka vile. Pesa za wateja hao zinabaki ofisini. Wasichana hawapati kitu.

Wiki ya tatu tukafika kwenye kudefriza, kunyoosha nywele kwa dawa. Niliwapanga wawili wawili, mmoja ampake mwenzake. Nilikuwa upande wa dirisha, namwonyesha mmoja namna ya kuanzia nyuma ya shingo, nikasikia mtu analia. Msichana mmoja alikuwa amefumua rasta, misuko yake, asubuhi ile ile, amekuna kichwa chote, halafu akapakwa dawa. Tukakimbilia bomba: maji yamekatika. Tukaenda kuomba ndoo kwa jirani mwenye kisima. Kurudi, mwenzake amempaka dawa ya meno ati ipoe. Ana kidonda nyuma ya sikio, kipana kama kifuniko cha chupa, na nywele za mahali pale zimetoka zote. Ana miaka 17.

Tangu siku ile silali vizuri. Mkurugenzi anasema mambo kama hayo hutokea, niendelee, na anataka kundi hili limalize kwa miezi mitatu ili apokee lingine. Tena ameongeza somo: kuna wazazi wameomba mabinti wao wafundishwe kuchanganya mafuta ya kung'arisha ngozi, maana huko ndiko kuna wateja. Mume wangu anasema nirudi saloni, ualimu una wenyewe. Lakini nikiingia darasani wale wasichana wanasimama wote, na kuna wawili watatu naona mikono yao inaanza kuja.

Yaya, niambie ukweli. Mtu kama mimi anaweza kuitwa mwalimu? Nitafute karatasi gani? Na nikibaki, nifundisheje?

Msusi wa Katuba

*

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nilikuwa natafuta kitu kimoja nisikione: kama ulienda kwao huyo msichana. Umemtaja mkurugenzi, umemtaja mume, umewataja wazazi wanaotaka mafuta. Mama yake hukumtaja. Basi tuanzie hapo. Nenda wiki hii, wewe mwenyewe, usitume mtu. Mwambie ilivyokuwa bila kupunguza, hata lile la maji. Na mtoto aonwe na daktari, kwa pesa ya kituo au yako, kwa sababu dawa ile huchimba chini kuliko kinavyoonekana kidonda kwa juu, na ngozi ikiungua sana mizizi ya nywele hufa, haioti tena. Kama kuna cha kuokoa, kinaokolewa mapema.

Ninakusemesha hivi kwa sababu na mimi nilifundisha, miaka tisa, kushona, pale Kamalondo. Muhula wangu wa kwanza nilikuwa nabeba magauni ya wasichana nyumbani usiku, nafumua pindo, narudishia zipu, ili siku ya maonyesho wazazi wafurahi. Walifurahi kweli. Mwisho wa mwaka wakaja wa juri, wale watahini, wakampa msichana wangu bora kitambaa na mkasi, akasimama mbele ya meza akikitazama kile kitambaa kama mgeni. Hakujua aanzie wapi, kwa sababu kila mara mwanzo na mwisho nilikuwa nimefanya mimi. Mpaka leo namkumbuka uso. Wewe unaponyang'anya kitana ili umalizie, unafanya nilichofanya mimi. Mteja anatoka mzuri, mwanafunzi anabaki mtupu.

Sasa swali lako. Msusi anabeba kichwa kimoja, kile kilicho mbele yake. Mwalimu anabeba vichwa ambavyo hatavigusa kamwe, vya wateja watakaokaa mbele ya wasichana hao miaka ishirini ijayo. Ndiyo maana mkurugenzi amekosea kusema anataka mikono tu. Mikono unayo. Mwalimu anatakiwa ajue kwa nini mkono unafanya hivyo, na aweze kulisema kwa maneno ambayo asiyejua atayashika.

Kidole chako kinajua pa kupita, lakini hakina mdomo, na miaka 19 imekisahaulisha kilivyojifunza. Fanya hivi. Jumapili hii msuke binti yako, na kila unachofanya ukiseme kwa sauti: unaanzia wapi, kitana unakishika vipi, nywele unazochota zina unene gani, mesh, zile nywele za bandia, unaitia baada ya mizunguko mingapi, unajuaje kwamba sasa umevuta kupita kiasi. Mtoto wako mwingine aandike kwenye kaye, daftari. Hiyo ndiyo fishi yako ya kwanza ya matayarisho, karatasi ya mpango wa somo. Na pale utakapokwama, ukasema tu "hivi, hivi", weka alama: hapo ndipo wale wasichana waliposhindwa kusuka. Ukirudi darasani, mikono yako iweke nyuma ya mgongo. Sema, wao wafanye. Kisha mwombe yule aliye nyuma kuliko wote akueleze alichoelewa. Akieleza vibaya, ni maelezo yako yaliyokuwa mabaya, rudia kwa njia nyingine.

Hilo la kuvuta kupita kiasi usilipite haraka. Wasusi wengi wanaamini kubana ndiyo usafi wa kazi. Rasta zinazobana mbele, mwezi baada ya mwezi, hung'oa nywele za paji na za karibu na masikio. Mwanzoni zinarudi, ukiendelea, mizizi inakufa. Tunao wamama hapa mjini hawajafika miaka 35 na kitambaa hakitoki tena kichwani. Mwanafunzi azijue dalili: vipele vidogo kwenye mizizi, kichwa kinachouma usiku, mteja anayeshindwa kukunja paji. Akiziona, afumue. Fundisha kufumua kama unavyofundisha kusuka.

Nije kwenye dawa, na hapa nitakaa.

Nyingi za kudefriza zina sodiamu haidroksidi, ile soda kali inayopikiwa sabuni. Kipimo cha ukali wake kwenye pH, ile ngazi ya kupima asidi na soda, ni 12 mpaka 14, wakati nywele na ngozi yenye afya viko karibu na 5. Inavunja vifungo vilivyo ndani ya unywele ili unyooke, na haijui kutofautisha unywele na ngozi. Zile zinazoandikwa kwamba hazina soda kwa kawaida zina kalsiamu haidroksidi, unayochanganya na maji ya guanidini. Hizo ni pole kidogo kwa ngozi, lakini nazo huunguza, na hukausha nywele zaidi. Kinachotukinga ni mafuta ya asili ya ngozi ya kichwa. Mtu aliyefumua, akakuna, akaosha, ameondoa kinga na kufungua milango. Ndiyo sababu hatuoshi wala hatukuni kabla ya dawa, tunangoja siku kadhaa baada ya kufumua, tunapaka vazelini kwenye mzunguko wa nywele na masikio, na mwenye kidonda au vipele tunamrudisha nyumbani. Haya yote unayafanya saloni kwako bila kufikiri. Wale wasichana hakuna aliyewaambia.

Kuna na kundi lingine, la thioglaikoleti, linalotumika kukunja mawimbi. Kichwa kilichopita kundi moja hakipitishwi la pili. Nywele hukatika mkononi kama nyasi za mwezi wa nane. Kwa hiyo kabla ya kopo kufunguliwa kuna maswali mawili: kichwa hiki kilipakwa nini, na lini? Darasa lisiendelee mpaka kila mmoja azoee kuuliza bila kukumbushwa. Rangi nayo ina desturi yake. Nyingi, hasa nyeusi, zina kitu kinaitwa PPD ambacho kinaweza kuvimbisha uso wa mtu mzima kabisa. Unapaka tone nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa ndani, unangoja saa 48. Mteja atalalamika kwamba anachelewa harusi. Alalamike.

Lakini kosa la siku ile halikuwa la aliyepaka, wala la aliyekuna. Vichwa kumi na kimoja vilipakwa kwa wakati mmoja, macho ya mtu mmoja yako dirishani, na bomba kavu. Hilo ni kosa la mpango, na mpango ni kazi ya mwalimu. Ninakwambia bila kukupiga, kwa sababu mwalimu aliyekubali kosa lake hilo anaweza kulirekebisha. Lubumbashi yetu tunaijua, maji hukatika bila kupiga hodi. Andika ukutani kwa herufi kubwa: MAJI KWANZA, DAWA BAADAYE. Ndoo zilizojaa, kata, shampoo ya kuondoa ukali wa dawa, saa ya ukutani. Kisipokuwepo kimoja, somo la leo ni kusuka.

Kisha kichwa kimoja tu kwa siku, wote wamezunguka, wewe ndiye uliyeshika kopo. Na kabla ya hapo wiki nyingi bila dawa yenyewe. Wapakishe uji mzito wa unga wa mahindi kwenye kichwa cha bandia, kwa brashi, mstari kwa mstari, huku unawahesabia dakika. Asiyeweza kumaliza kichwa kizima cha uji kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, hajafika kwenye dawa. Halafu kusanya nywele zinazoanguka saloni kwako, zifunge mafungu kwa uzi, dawa ya kweli waipime kwenye mafungu hayo kwanza. Waliache fungu moja kwenye dawa muda mrefu kupita kiasi, kisha walivute. Wakiona linavyokatika, hutahitaji kupiga kelele tena.

Na dawa ikigusa ngozi, ni maji mengi, yanayotiririka, dakika 20 kamili, ukitazama saa. Dawa ya meno, mafuta ya mawese, ndimu, siki, hakuna hata kimoja. Ikiingia jichoni, maji, halafu hospitali moja kwa moja.

Usafi sitaurefusha, maana watu wa nchi hii tumenawa klorini milangoni wakati wa Ebola na tunajua kazi yake. Ila wafundishe kwamba klorini haipenyi uchafu: kitana kinatolewa nywele, kinaoshwa na sabuni, ndipo kinaloweshwa. Wembe mpya kwa kila kichwa, mbele ya macho ya mteja. Mashilingi, yale mabaka ya mviringo kichwani mwa watoto, yanahama na kitana. Na tangu mpox ilipozuka Kamituga, Kivu Kusini, mwaka 2023, mteja mwenye vipele visivyoeleweka anaelekezwa kituo cha afya kwa upole, hatunzwi saloni.

Mafuta ya kung'arisha ngozi: kataa. Hapa sina nusu. Vile vikopo vinavyochanganywa sokoni vina mara nyingi haidrokuinoni, zebaki, au dawa kali za hospitali kama klobetasoli, na mara nyingine vyote pamoja, bila kipimo. Zebaki inaharibu figo. Klobetasoli inaifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, hata kidonda cha upasuaji kinachelewa kufunga. Fikiria mama anayezaa kwa kupasuliwa. Umoja wa Ulaya uliondoa haidrokuinoni kwenye krimu za kung'arisha ngozi tangu mwaka 2001. Unaweza kulifanya kuwa somo, ndiyo: somo la kusoma maandishi ya kopo, la kuitambua ngozi iliyoharibika, na la kumjibu mteja anayeomba. Wale wazazi wanataka mabinti wapate kipato, na wana haki. Ngozi ina kazi halali nyingi za kipato, tangu kusafisha uso hadi kutunza kucha na miguu, na mji wa vumbi jekundu kama huu hautakosa miguu ya kutunza.

Sasa karatasi. Usizitafute kwa ajili ya kuonekana. Zitafute kwa sababu msichana anayetoka kwako atakwenda kuomba kazi saloni ya katikati ya mji, pengine Kolwezi, pengine ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, na wataangalia nani alimtia sahihi. Kwa hiyo swali la kwanza la karatasi mwulize mkurugenzi: barua ya Leta, ya serikali, inayokitambua kituo iko wapi? Mwisho wa mafunzo ni juri gani inakuja, na breve inatoka ofisi gani? Akizungusha maneno, umeshajua. Kwa upande wako, nenda INPP, taasisi ya Leta ya mafunzo ya kazi iliyoanzishwa mwaka 1964. Wako hapa Lubumbashi. Uliza mambo mawili: namna ya kupimwa kazi unayoijua tayari, na lini wanafungua mafunzo ya wakufunzi. La pili ndilo lenye uzito kwako. Kupanga somo, kugawa muda, kumpima mwanafunzi bila upendeleo, hayo hayaji na miaka ya saloni.

Huko kwingine hawalichukulii jambo hili kwa wepesi. Ufaransa, tangu sheria ya mwaka 1946, huendeshi saloni ya nywele bila mtu mwenye cheti cha kazi, na cheti cha mwanzo, kile wanachokiita CAP, kwa kawaida ni miaka miwili. Marekani kila jimbo lina utaratibu wake. New York inadai saa 1000 za mafunzo kabla ya mtihani, na kwa majimbo mengi anayetaka kufundisha huwa kwanza na leseni ya kazi yenyewe, ndipo anaongeza mafunzo ya ualimu. Sasa hesabu ya mkurugenzi wako: miezi mitatu, siku tano kwa wiki, tuseme saa nne kwa siku. Ni saa 260. Mwambie hivyo hivyo, kwa namba.

Ila usiogope kwa sababu uliachia mwaka wa nne. Annie Malone, mwanamke mweusi wa Marekani, naye hakumaliza sekondari, ugonjwa ulimkatiza. Alikuwa anaipenda kemia, akaishikilia, akatengeneza dawa zake za nywele, na mwaka 1918 akafungua jengo kubwa la shule yake, Poro College, mjini St. Louis. Wasichana walifundishwa nywele, na pia namna ya kusimama, kuvaa na kusema na mteja. Hili la mwisho usilisahau. Msichana anayejua kusuka lakini hajui kumwambia mteja "hapana, leo kichwa chako hakiwezi dawa" hajamaliza mafunzo.

Kuhusu wateja wa kulipa, sikatai. Mwanafunzi hajifunzi kwa kichwa cha bandia mpaka mwisho. Lakini mteja aambiwe mlangoni kwamba anasukwa na mwanafunzi, alipe kidogo, awe na subira. Pesa ziingie kwenye daftari linaloonekana na zinunue mesh, sabuni na glavu za darasa. Na mteja wa dawa asiletwe kabisa mpaka wewe useme fulani yuko tayari.

Mume wako usigombane naye. Saloni usiifunge. Omba asubuhi tatu kwa wiki kituoni, siku nyingine uwe kwako, na wale wenye mikono iliyoiva waje kufanya staji, mazoezi ya kazi, mbele ya macho yako. Wawili watatu unaowapenda watafika hata bila wewe. Wanaokuhitaji ni wale waliosuka vitu visivyo na jina.

Kwa hiyo ukitoka kwa mama wa yule msichana, pita ofisini. Maji ndani ya ndoo kila siku ya dawa. Kichwa kimoja kwa siku. Miezi tisa, si mitatu. Mafuta ya ngozi hayaingii darasani. Kwenye muda mnaweza kuvutana, akakupa saba au minane. Kwenye maji na mafuta, akikataa, chukua kitana chako uende, na wazazi wa wale 22 uwaeleze sababu mmoja mmoja.

Yaya wako